Mapacha wa Kwenye Makopo

Dada alipopanga mezani makopo mapya yenye vifuniko vya kijani, Mama alifurahi kweli.

"Ahsante, mwanangu. Haya nitawekea viungo."

"Mama, acha! Ni ya kuwekea choo."

Mama akaliachia kopo kama limemng'ata.

Dada yangu ni mtafiti wa chuo kikuu. Anachunguza vijidudu vinavyoishi matumboni mwetu, wale wapangaji wasiolipa kodi ila wanatusaidia kusaga chakula. Mimi humwita Bingwa wa Matumbo, naye huniita mzigo. Alitaka kujua kama watu wanaokula chungu kimoja hufanana vijidudu. Aliomba ufadhili, na wafadhili wakataka kwanza waone majaribio ya familia moja. Akiukosa, chumba chake cha maabara anapewa mwingine, na kazi yake ya miaka inaozea kwenye friji lililozimwa.

Aliyeona taabu ni Baba Mdogo. Tunamwita Mheshimiwa kwa sababu hata akienda kununua kiberiti huvaa koti.

"Mimi na mvi zangu hizi," akanung'unika, "nimkabidhi mtoto wa kaka kitu kama hicho?"

"Toa tu, Mheshimiwa," nikamwambia. "Vijidudu havijali koti."

Asubuhi kopo lake lilikuwa tayari, limeviringishwa gazeti kama zawadi ya harusi. Dada akashukuru, akaenda zake.

Majibu yalipotoka, alirudi nyumbani uso umemshuka.

"Nimekwisha. Baba na Baba Mdogo wamefanana kila kitu! Hata mapacha hawafanani hivi. Wafadhili wameshaona, watadhani nimebuni, na kesho wananihoji."

Baba akakohoa. Baba Mdogo akaanza kukagua dari kama fundi anayetafuta panapovuja.

"Nyie wazee," Mama akasema, "mmefanya nini?"

"Alinibembeleza," Baba akajitetea. "Kaniambia, 'Kaka, nigawie kidogo.' Sasa ndugu wa tumbo moja nimnyime?"

Nilicheka mpaka nikajikuta sakafuni. Dada hakucheka. Alifunika uso kwa viganja, nami nikanyamaza, maana mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Mama akakaa karibu naye. "Waambie kama ilivyokuwa. Mficha uchi hazai."

"Shemeji," Baba Mdogo akadakia, "huo uchi ni wangu!"

Kesho yake Dada alihojiwa pale pale sebuleni, kwa kompyuta, sisi wote tumejibana nyuma ya pazia. Mama mmoja mwenye miwani, mkuu wa jopo, akauliza:

"Makopo haya mawili, ulipima moja mara mbili?"

Dada akajibu, "Hapana. Baba yangu mdogo aliona haya, akaazima kwa baba. Nimejua jana."

Baba Mdogo akajifunika koti kichwani. Kisha kompyuta ikalipuka kwa vicheko.

"Ngoja," mwenye miwani akasema, akifuta machozi. "Ulipokuwa unapima, hukujua kwamba ni choo cha mtu mmoja?"

"Sikujua. Yalikuwa na namba tofauti, na niliyapima siku tofauti."

"Na bado majibu yakawa yale yale. Binti, swali letu kubwa lilikuwa hilo: tutaaminije vipimo vyako? Wazee wako wamekutega, na hukuteleza."

Dada akakaa wima. Kuanzia hapo alijibu kama maji yanayoteremka mlima.

Simu ya kumpa ufadhili ilipokuja, Mama alipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Ila wafadhili walitoa sharti moja: kopo halali la Baba Mdogo lipatikane.

Akaingia chooni na koti lake. Akakaa, akakaa.

"Mheshimiwa," nikagonga, "tukuletee kaka yako?"

"Toka hapo mlangoni, mshenzi wewe!"

Hatimaye akatoka kifua mbele, koti limefungwa vifungo vyote, akamkabidhi Dada kopo kwa mikono miwili.

"Shika," akasema. "Safari hii ni jasho langu mwenyewe."