Ukuta Umefika Ka

Saa mbili asubuhi Puttaraju alikuwa akichuja chai kwenye kibanda chake, mtaa wa Basavanagudi, Bengaluru, pale ukuta wa nyuma yake ulipoanza kusema. Ulikuwa ukuta wa kampuni inayotengeneza programu za hospitali. Usawa wa kifua palikuwa na tundu la ukubwa wa ndimu ambalo jana halikuwapo, na sauti iliyotoka humo ilikuwa kavu, kama ya mtangazaji wa stesheni ya treni.

"Ambika, miaka hamsini na mitatu. Kisukari. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kimekatwa."

"Huyo si mama wa maua?" mteja mmoja akauliza.

"Ndiye. Kumbe ndiyo maana siku hizi havai ndala," Puttaraju akasema. "Wewe sukari kijiko kimoja au viwili?"

Ndani ya jengo, Shailaja alijua tundu limetoka wapi. Programu yao ilitunza siri za wagonjwa kwa kuzigeuza maandishi ambayo hayasomeki bila ufunguo. Kufuli lenyewe kampuni haikulitengeneza. Ililichukua bure mtandaoni, kama wafanyavyo wote, kwa watu walioliunda vizuri. Watu hao hao, miaka sita nyuma, walitangaza kwamba toleo lile lina tundu na kila mtu aweke jipya. Jipya nalo lilikuwa bure. Shailaja alikwisha kulitayarisha na kulijaribu. Lilingoja tu mkurugenzi, Nanjundaswamy, abonyeze kitufe cha kuliruhusu.

"Bosi, tundu limetokeza ukutani."

"Nimelisikia nikiegesha gari. Linatamka vizuri."

"Basi ruhusu. Mfumo utazimwa nusu siku tu."

"Shailaja, mama, juzi tu tumefanya Ayudha Puja. Mashine ina manjano, ina unga mwekundu wa kumkum, shada la maua halijanyauka. Leo unataka kuichokonoa?"

Kwenye Ayudha Puja kila mtu hukiheshimu chombo kinachomlisha. Seremala huipaka manjano randa yake, dereva hulivisha basi maua, boga hupasuliwa mlangoni, na chombo hupumzishwa siku moja. Siku moja. Nanjundaswamy alikuwa ameipumzisha mashine yake miaka sita, na kila mwaka alipaka manjano mapya juu ya uozo uleule.

Aliagiza fundi azibe tundu kwa saruji. Likahamia kando ya saruji. Akatundika kalenda yenye picha ya mungu Ganesha, na sauti ikawa safi zaidi.

Ukuta ulisoma majina kwa mpangilio wa alfabeti ya Kikannada, irabu kwanza, kisha konsonanti kuanzia ka. Irabu zilipokaribia kwisha, Kusuma, mdogo wake Shailaja, alikuja kumwita nje.

"Akka, dada yangu, ukuta umefika wapi?"

"Umefika o."

"Basi ni mimi wiki hii."

Kusuma alikuwa na kifafa tangu utotoni. Vidonge vyake alivificha kwenye kopo la bizari. Wakwe hawakuambiwa, maana wangeambiwa pasingekuwa na ndoa. Na baba mkwe wake, Channabasappa, alikunywa chai kwa Puttaraju kila asubuhi, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta ule ule.

"Si ndiyo kazi yenu, kufungia watu siri zao?" Kusuma akasema. "Au mmeajiriwa kupasua maboga?"

Shailaja akarudi kwa mkurugenzi. Safari hii hakuketi.

"Ni mdogo wangu, bosi."

"Pole sana, kwa kweli. Lakini hospitali haijalalamika. Tuvuke kwanza sikukuu ya Dipavali."

"Wanaosomwa ni wagonjwa, si hospitali."

"Wagonjwa si wateja wetu," akasema kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo.

Ka ilianza Jumatatu. Kamala, mimba iliyotolewa. Kaveri, kifua kikuu. Kiran, alikunywa sumu ya panya akapona. Watu walikunywa chai. Waliosomwa walipita upande wa pili wa barabara, na siku ya tatu wakachoka, wakarudi upande huu.

"Kusuma, miaka ishirini na sita," ukuta ukasema Jumatano. "Kifafa."

Channabasappa akaweka gilasi chini. "Walinificha hawa."

"Si ugonjwa tu, mzee?" Puttaraju akasema. "Mwaka mzima anakupikia. Umeona nini?"

"Chai yako imepoa," Channabasappa akajibu, akaondoka.

Kabla ya mchana Kusuma alirudishwa kwa mama yake kwa bajaji, pamoja na sufuria zake. Mumewe alijua tangu mwanzo. Ndiye aliyekuwa akimnunulia vidonge. Alisaidia kupakia mizigo. Alizipanga sufuria vizuri, ndogo ndani ya kubwa, zisigongane njiani.

Dipavali ikapita. Fataki zikafagiliwa. Nanjundaswamy akasema mwisho wa mwaka si wakati mzuri wa kugusa mashine.

Ukuta ukafika cha.

"Channabasappa, miaka sitini na mmoja. Kaswende. Mara mbili."

Mteja mmoja akapaliwa na chai. Channabasappa akatazama barabara. Jioni ile alikula kwake na akalala kwake, na mkewe akamtandikia kitanda. Hakuna aliyeita bajaji.

Asubuhi iliyofuata alikuja kama kawaida. Kusuma alikuwa ameketi kwenye benchi akimngoja dada yake atoke.

"Sogea, binti, nikae."

Kusuma akamtazama usoni. Wateja wakaacha kupuliza chai zao. Mzee alikuwa bado amesimama, akingoja.

Kusuma akasogea. Puttaraju akamjazia mzee gilasi, na nyuma yao ukuta ukaanza ja.