Mapato Mengine ya Lorna Vickery

Kila Februari mimi hujitolea kuwajazia watu fomu za kodi bure kwenye maktaba ya mji wetu, jimbo la West Virginia, Marekani. Machozi nimeyazoea. Lakini ya Lorna Vickery, mwaka 2014, yananichoma hadi leo.

Mwanawe Wade alipigana Afghanistan, akarudi, akafa kwa saratani ya mapafu. Mkopo wake wa chuo ulikuwa kwa jina la mama. Kampuni ilipoufuta kwa sababu ya kifo, Lorna aliwatumia kadi ya shukrani, maana ndivyo tulivyolelewa. Januari ikaja karatasi. Akadhani wamemjibu kadi yake, akaibandika kwenye friji. Siku aliyokuja maktaba aliileta pamoja na karatasi zake nyingine za kodi.

"Hiyo isome tu, Hollis, urudishe. Watu waungwana sana hao."

Niliisoma, nikatamani ningebaki nyumbani.

"Lorna, deni likifutwa huhesabiwa kuwa mapato yako. Hapa ni dola elfu thelathini na nane."

"Acha utani, mzee. Sijashika hata senti!"

"Kisheria umezishika. Kodi yake ni karibu elfu saba."

Mpishi wa shule, elfu saba! Nilijisikia vibaya kama mwizi.

"Kama madeni yako yangezidi mali, wasingekutoza," nilisema. "Nyumba bado unadaiwa?"

"Nilimaliza kuilipa zamani."

"Basi mali yako imezidi madeni, na njia hiyo haikusaidii."

"Kumbe kosa langu ni kulipa madeni!" Alicheka, kisha akalia.

Nilimwambia wanaruhusu kulipa kidogo kidogo, hata kwa miaka sita.

"Miaka sita kila mwezi nilipie kifo cha mwanangu? Hapana. Nitauza gari lake. Sina kingine chake kilichobaki."

Nikarudi kwenye fomu. Penye mapato mengine, mtu hutakiwa kuandika ni ya aina gani. Nilipoanza kuandika, Lorna alininyang'anya kalamu.

"Hapa wanauliza nimeyapataje?"

"Ndiyo."

Akaandika taratibu, kwa herufi kubwa: MWANANGU AMEKUFA. Akatia sahihi.

Niliituma hivyo hivyo. Gari liliuzwa kabla ya Aprili kuisha. Ofisi ya kodi haikuuliza chochote, maana hesabu ilikuwa sahihi. Miaka minne baadaye sheria ikabadilishwa, deni la chuo lililofutwa kwa kifo likaacha kutozwa kodi, lakini si kwa waliokwisha kulipa.