Jengo Zima, Taa Mbili

Teofili alikuwa msomaji. Tena si msomaji wa kushika gazeti ili aonekane, la; msomaji wa kanisani, yule anayesimama Jumapili akatoa somo la kwanza, na walioko nje wakasikia kila neno. Siku za kazi alikuwa msimamizi wa jengo la Hermenegildi pale Viwanja Sitini. Lilikuwa jengo la ghorofa moja, maduka chini, mafundi nguo juu, na katikati ngazi ya saruji iliyobanwa na kuta mbili bila dirisha hata la kupitisha mkono. Ngazi ile ilihitaji taa hata saa sita mchana.

Mwaka wa tisini na nne bili ya umeme ilipanda mpaka ikatisha. Hermenegildi mwenyewe alikuwa Mlimba akinunua mpunga. Alipopata habari akatuma telegramu. Sasa telegramu, ndugu yangu, ililipiwa kwa neno, na haikuwa na nukta wala mkato. Mwenye kubana umeme alibana na maneno. Ilikuja hivi: PUNGUZA BILI YA JENGO ZIMA TAA MBILI.

Teofili aliipokea barazani, akavaa miwani, wapangaji wakamzunguka. Hakuisoma kimya kama mtu anayesoma barua yake, aka! Aliisimamia kama waraka wa Mtume. "Punguza bili ya jengo zima," akatua, akawatazama watu, akamalizia, "taa mbili."

Stumai, muuza vitenge wa chini, akacheka. "Kwa hiyo mzee Teofili, bosi wako anataka tuuze kwa kupapasa?"

"Mimi sikuandika, mama. Mimi nasoma tu."

Nyuma yake alikuwa amesimama Digna, binti yake wa mwisho. Digna alishona sare za shule kule juu, na kwa mshono wake hakuwa na mpinzani mtaani. Watu walipotawanyika alimsogelea baba yake, akasema polepole, "Baba, ya kwenye ngazi tuiache kwanza. Mwenyewe akirudi tutamuuliza."

"Tumuulize nini, na yameandikwa?"

Basi mchana uleule akazifungua globu moja moja. Zilikuwa kumi na nne. Kumi na mbili alizilaza kwenye boksi la pumba za mpunga zisivunjike, na mbili akaziacha pale barazani, maana baraza ndiyo uso wa jengo. Alifurahi, tuseme ukweli. Alijiona mtumishi mwaminifu.

Watu wakazoea kupanda ngazi kwa kushika ukuta. Mtu huzoea yote. Siku ya tisa, mchana, Digna alikuwa akishuka na pasi ya mkaa mkono wa kushoto, aende uani kuongeza makaa, na begani furushi la sketi. Kwenye kona mguu ulikosa ngazi. Teofili alisikia kishindo akiwa ameketi barazani, chini ya zile taa mbili zinazowaka juani. Akaingia gizani akipapasa, akimwita, mpaka akamfikia kwa sauti.

Pasi haikumuunguza, watu wakasema Mungu mkubwa. Lakini alikuwa ameuangukia mkono wa kulia. Madaktari walifanya walichoweza. Mfupa uliunga, vidole vikakataa. Mkono uliokuwa ukiongoza kitambaa chini ya sindano haukuweza tena kushika hata chaki. Sare za shule zikaenda kwa fundi mwingine, na cherehani ya Digna ikafunikwa kanga.

Wazee wametuimbisha tangu utotoni kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sawa. Mbona hawakutuambia kuwa mkuu asiposikia la mdogo, anayevunjika ni huyohuyo mdogo? Teofili alijifariji kwa neno moja tu: nilitii. Kila aliyemjia na pole alimjibu hivyo, na usiku alijiambia hivyo mpaka usingizi umchukue.

Baada ya miezi mitatu Hermenegildi akarudi. Alichungulia ndani, akarudi barazani.

"Shikamoo mzee. Kwani umeme umekatwa?"

"Marahaba. Si wewe mwenyewe ulisema, jengo zima, taa mbili?"

Hermenegildi aliiomba ile karatasi, akaisoma kwa sauti ya chini. "Mzee wangu. Punguza bili ya jengo. Zima taa mbili." Akaonyesha juu ya vichwa vyao. "Hizi hapa. Zinawaka mchana kutwa, hakuna anayezihitaji."

Hakufoka. Teofili angeona heri atukanwe. Akaketi chini, pale pale sakafuni, na lile neno lake la kujifariji likapotea.

Alipofika nyumbani Digna alikuwa akichagua mchele kwa mkono wa kushoto. Teofili alivuta kigoda, akaketi mbele yake, akavua miwani.

"Mwanangu, nilisoma vibaya. Alisema nizime mbili. Mbili tu."

"Najua, baba."

"Nani amekuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Siku ile niliisoma mwenyewe, nyuma ya bega lako."

Teofili alimtazama asiamini. "Ukajua nimekosea?"

"Nilijua."

"Sasa mbona hukusema, Digna?"

"Watu walikuwa wamejaa, baba. Wewe ndiye msomaji wao. Ningekusahihishaje mbele za watu? Na baadaye nilipokusogelea, ulinijibu vile, nikaogopa."

Hapo mzee alilia. Alilia waziwazi, bila kuficha uso, kama siku alipomzika mama yake Digna. "Ungeniaibisha, mwanangu," alisema. "Ungeniaibisha tu. Wangenicheka wiki moja, yakaisha."

Digna aliweka ungo chini. Akanyoosha mkono wa kulia amfute baba yake machozi, vidole havikukunjuka, akabadilisha mkono.