Mstari wa Pankrasi

Kwa miaka kumi na mmoja Mwalimu Bartolomeo alirekodi Kingoni cha wazee: mafaili elfu mbili mia nne na sita. Kompyuta iliyoyahifadhi ilikuwa sebuleni kwake, mtaa wa Bombambili. Mfumo wake wa mafaili uliandikwa na Pankrasi, ambaye sasa ni marehemu. Adela, mwandishi wa programu, aliurithi, akaamua kuupanga upya.

Kazi hiyo ilihitajika. Majina ya mafaili na mahali yalipo kwenye diski yalishikwa katika kumbukumbu ya muda, kwa ajili ya kasi. Kila badiliko liliandikwa kwanza katika daftari la mfumo, ili umeme ukikatika katikati, kazi imaliziwe au ifutwe. Pankrasi alikuwa amechanganya mambo hayo mawili katika sehemu saba. Adela akayatenganisha. Kila baada ya kuandika daftarini palikuwa na amri ya kusubiri diski ithibitishe kuwa imeandika kweli, na juu yake Pankrasi aliandika: "Usitoe. Mzee huchomoa." Adela alidhani ni utani. Aliitoa amri pamoja na onyo lake. Majaribio mia tatu yalifaulu kwenye laptopu yake, yenye betri.

Jumatano, mwalimu akihifadhi rekodi mpya, taa zilififia. Alifanya kama mtaa mzima ufanyavyo kuokoa friji, umeme usije ukarudi kwa kishindo: alichomoa plagi ya kompyuta.

"Shikamoo, mwalimu," Adela alisema mlangoni kesho yake.

"Marahaba. Ingia, daktari. Mgonjwa hasemi."

Adela alifanya kazi siku mbili. Orodha ya majina, ambayo iliandikwa upya yote kila rekodi ilipoongezwa, ilikuwa nusu mpya, nusu ya zamani. Daftari lilikuwa tupu: maandishi yake hayakuwahi kufika diskini. Diski ya akiba ilikuwa imenakili ya kwanza, kosa kwa kosa. Sauti zilikuwepo, lakini katika vipande vya sekunde nne nne, bila jina wala mpangilio.

Alichezesha kimoja. Mwanamke alikohoa, akaanza kuhesabu watoto wake, sauti ikakatika.

"Huyu nani, mwalimu?"

"Rudia."

Alirudia mara tano.

"Walikuwa wawili wanaokohoa hivyo. Wote nimewazika."

"Kosa ni langu. Nilitoa mstari wa Pankrasi uliosema mwalimu huchomoa."

"Kumbe aliandika! Alinigombeza kila wiki, yule. Sikuacha."

Vipande vilivyobaki vilikuwa zaidi ya laki saba. Adela alifungua cha pili.

Taa zilififia. Mkono wa mwalimu ulifika kwenye plagi, ukasimama hapo.

"Chomoa tu, mwalimu," Adela alisema. "Hakuna kinachoandikwa."