Sindano ya Kitanda cha Tisa

Sista Saa alibandikwa jina hilo kwa kuwaandama wenzake wanaochelewa. Wodi ya wanaume aliiendesha kwa namba za vitanda. Majina, alisema, yanapoteza muda. Basi asubuhi ile fundi cherehani wa kitanda cha nane, aliyelazwa kwa nimonia, akabadilishana kitanda na jirani yake wa cha tisa ili apate mwanga wa dirisha. Sista akapita mbiombio na insulini ya kitanda cha tisa, akamchoma fundi, mtu asiye na kisukari. Sukari ikamshuka, akazimia.

Walimtundikia dripu ya sukari. Siku ya pili ikaingia, fundi bado hajazinduka.

"Mwenyewe hajitambui," daktari alimwambia Sista pembeni. "Ngoja aamke, tutamweleza yeye. Ukiwaambia ndugu utajitafutia balaa bure."

Maneno hayo yalimpa Sista ahueni, na ahueni hiyo ikamtia aibu kuliko kosa lenyewe.

Aliporudi wodini alimkuta mke wa fundi anakunja mashuka, shemeji yake ameshika viatu vya mgonjwa.

"Tunamrudisha nyumbani, sista," mke alisema. "Mapafu yamemshinda. Heri akamalizie kwake. Wewe umemhangaikia sana, Mungu akulipe."

Sista aliitazama dripu. Dripu ikitolewa, huyu mtu anakwenda kufa, na mkewe ataamini ni ugonjwa.

"Usimtoe, mama. Si mapafu. Ni mimi. Nilimchoma dawa ya mtu mwingine. Niliangalia namba ya kitanda, sikumuuliza jina. Akibaki kwenye dripu bado ana nafasi."

Shemeji aliviweka viatu chini, akaanza kufoka. Mke akamshika mkono kumzuia. Kisha alimtazama Sista, macho makavu.

"Yeye umemwambia?"

"Hasikii, mama."

"Sisi hatukuchomwa sindano. Mwambie yeye."

Sista alitaka kueleza habari za fahamu na ubongo, akaona hana uso wa kufanya hivyo. Alipiga magoti, akasogeza mdomo sikioni mwa fundi, akamwambia yote tangu mwanzo. Fundi hakutikisa hata ukope.

Mke alianza kuyakunjua mashuka.

"Kesho uje umwambie tena," alisema. "Na keshokutwa. Mpaka akujibu."