Miplamu Miwili ya Oldeani

Miplamu ilikuwa miwili, mmoja kila upande wa ua wa michongoma, na wenye miti hawakusalimiana.

Leonida alikuwa Mwiraki, mzaliwa wa hapohapo Oldeani. Mplamu wake aliutunza kama mtoto: kila kipupwe aliupogoa na kuulisha samadi. Elibariki alitoka Machame, akanunua kiwanja cha jirani. Kazi yake kupeleka watalii kreta kutazama wanyama. Mplamu wake aliukuta, na hakuwahi kuugusa. Ulirefuka, ukavuka ua, ukawa unaangusha plamu zilizooza juu ya mboga za Leonida. Leonida alizizoa kwa koleo akazirudisha zilikotoka. Asubuhi moja zikatua kwenye kioo cha gari la Elibariki, wageni wakiwa ndani.

Jioni Elibariki alirudi na mtu mwenye msumeno wa mashine. Mti ukaanguka.

"Haya, Mama Hilary, umefurahi?" Elibariki akamuuliza jirani yake.

"Sana," Leonida akajibu.

Na kweli alifurahi, mpaka msimu uliofuata. Mplamu wake ulichanua ukawa mweupe pe, kisha maua yakapukutika yote, hakuna hata tunda moja. Wifi yake Laurencia, mwenye miplamu kule Kansay, alikuja kuutazama.

"Aina hii haizai peke yake, wifi. Nyuki walikuwa wanakuletea chavua kutoka kwa jirani. Kaombe kikonyo, kijiti cha mti wake, ukibebeshe kwenye tawi la mti wako kishikane nalo."

Kisiki cha jirani kilikuwa kimechipua. Leonida alijilazimisha, akaenda getini kwa Elibariki.

"Baba Angel, naomba kijiti kimoja tu cha kile kisiki."

Elibariki alimwacha pale getini. Akaingia stoo, akatoka na dumu la dizeli, akakimiminia kisiki mbele ya macho ya Leonida mpaka machipukizi yakalala.

"Chukua sasa."

Leonida aliondoka mikono mitupu. Kipupwe kilipofika, Laurencia alimletea vikonyo kutoka Kansay. Leonida alichagua tawi nene upande wa nyumbani kwake, akabebesha, akafunga kwa utepe wa nailoni. Kikonyo kimoja kilishika. Kilipokua kikachanua pamoja na mti, plamu zikatunga.

Hapo ndipo Elibariki alipokuja kwenye ua wa michongoma na panga.

"Matawi yako yameingia kwangu."

"Yaliyoingia, kata. Ukivuka ua, tutaonana kwa mwenyekiti wa kijiji."

Aliyakata na matunda yake mabichi, akayatupa njiani, akayapitia na gari. Leonida alisimama akiangalia. Tawi lenye kikonyo Elibariki hakulifikia.

Plamu zilizobaki zilipoanza tu kuwa nyekundu, Leonida alichuma moja, akaenda kusimama kwenye ua, Elibariki akiosha gari upande wa pili, akaiuma akiwa amemkazia macho. Ilikuwa chachu, haijaiva sawasawa. Aliila yote, akatema kokwa, akarudi kupalilia mboga zake.