Mguu Uliowekewa Dawa

Kazija alikuwa anasafisha vyuma vilivyotokeza kwenye muundi wa mumewe. Alichovya kitambaa cha hospitali kwenye maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, akakikamua, akazungusha kwenye shina la chuma, akakitupa na kuchukua kingine. Abdulrazak alikuwa ameulaza mguu juu ya kigoda chenye mto, na mikono yake ilikuwa inashona kuti. Alikunja jani juu ya kijiti, akapitisha kamba, akavuta, akachukua jani jingine.

"Taratibu," akasema.

"Sijagusa bado, baba Amina."

Kabla ya kuanguka, Abdulrazak alikuwa mkwezi wa minazi, na pale Somanga hakukuwa na mkwezi wa kumfikia. Makuti aliyaangusha chini, wengine ndio walioyashona. Sasa alikaa kwenye baraza ya nyuma, chini, mahali ambapo hata kuku walimpita bila kumwangalia.

Mfupa ulivunjika, ukafungwa, ukakataa kuunga. Vijidudu vikaingia, vikala kipande. Madaktari walipomaliza kukwangua sehemu iliyooza, palibaki pengo la urefu wa pingili ya kidole gumba. Hapo ndipo alipomkuta Daktari Nusaiba, mwanamke mwembamba, mwenye subira, aliyependa kueleza mambo mpaka yaeleweke.

Alimwonyesha Abdulrazak, Kazija akiwa pembeni, punje nyeupe ndani ya kichupa, mfano wa chumvi ya mawe. Abdulrazak aliuliza kwanza kama ni mfupa wa mnyama, na mnyama gani, kwa kuwa hakutaka aje aulizwe na imamu halafu akose jibu. Daktari akamwambia si wa mnyama wala wa mtu. Zimetengenezwa kwa madini yaleyale yaliyomo mifupani. Zitajaza pengo ili mwili upate mahali pa kushika na kujengea mfupa wake wenyewe, kisha zenyewe zitayeyuka polepole. Ndani ya punje mna dawa mbili, moja ya kuua vijidudu, nyingine ya kuhimiza mfupa kuota. Ni njia ambayo bado inafuatiliwa, alisema, na hakuahidi kwamba itafaulu. Akachora mfupa kwenye karatasi, akachora pengo, akachora punje. Maelezo yalikuwa marefu na mazuri. Mwishoni, akitaka mgonjwa aondoke na kitu cha kukumbuka, akafupisha:

"Kwa ufupi, mguu wako tumeuwekea dawa."

Kisha akampa masharti. Asiukanyagie kabisa mpaka picha ya eksirei ionyeshe mfupa umeota. Asivute sigara. Asitikiswe. Arudi siku aliyopangiwa, asiwahi wala asichelewe.

Abdulrazak aliyasahau yale marefu, akakumbuka lile fupi. Alipoteremshwa kwenye gari pale barabarani, wauza samaki wakauliza wamemfanyia nini, akawajibu kwa maneno yaleyale ya daktari.

Ni maneno ya kawaida. Lakini pale Somanga, kitu kinachowekewa dawa ni shamba, duka, chombo cha baharini, au mlango wa mtu asiyetaka mchezo. Tena dawa yenyewe ilikuwa na masharti. Panadoli haina masharti, ndiyo maana watu humeza na kusahau. Dawa inayokataza kukanyaga, inayochagua siku ya kurudiwa, hiyo ilitambulika mara moja kuwa si ya mchezo. Watu wakaanza kuusalimia mguu kwa macho kabla ya kumsalimia mwenyewe.

Wa kwanza kuja na shida alikuwa jirani yao Hamida, ambaye kuku wake walikuwa wanaliwa na kicheche. Hakutaka mengi. Alitaka Abdulrazak aunyooshe tu mguu kuelekea banda. Abdulrazak alijiuliza kama kunyoosha kunakatazwa, akakumbuka kwamba hakukukatazwa, akaunyoosha. Kicheche hakuja tena. Siku hiyohiyo Hamida alikuwa ametengeneza mlango wa banda, ila mlango haukupata sifa yoyote.

Tangu hapo Abdulrazak akaanza kuvaa kofia yake ya Ijumaa hata siku za kushona makuti. Watu walipoutazama mguu, aliwasahihisha kwa upole: "Si wote. Ni hapa tu." Kazija aliona, akamwacha. Tangu mumewe alipoanguka, ilikuwa mara ya kwanza mtu kumsogelea bila kumpa pole.

Ijumaa hii, baada ya swala, ikaja kamati.

Kila timu ya mpira ina kocha wa kuwafundisha wachezaji, na ina kamati ya ufundi ya kushughulikia yale yanayomshinda kocha. Yale mambo hayaandikwi popote, lakini kila mtu anajua kwa nini timu huruka ukuta badala ya kupita getini. Kamati ya Somanga ilikuwa na watu wawili. Mzee Maftaha, mwenye minazi mingi ya bondeni, ndiye aliyejua mambo. Mwalimu Alfonsi, mkuu wa shule mstaafu, ndiye aliyejua kuyasema. Kesho yake timu ilikuwa inacheza na Kivinje, na Kivinje walikuwa wameifunga mara nyingi mno.

"Shikamoo, Mzee Maftaha. Shikamoo, Mwalimu," Kazija alisema bila kuacha kazi.

"Marahaba. Msafishe, msafishe," akasema Mzee Maftaha, akakaa mbali kidogo na ule mguu.

Mwalimu Alfonsi alieleza ujio wao. Alianza na historia ya klabu, akapita kwenye umuhimu wa wadau, akafika kwenye rasilimali zilizopo kijijini ambazo bado hazijatumika. Akasema yeye binafsi, kama msomi, haamini mambo haya hata kidogo.

"Lakini Kivinje wanaamini," akasema, "na sisi tunacheza na Kivinje."

Walichotaka ni kidogo. Abdulrazak afike uwanjani kabla ya mechi, ateremke, aukanyagishe mguu ule kwenye mstari wa goli, hatua chache tu, Kivinje wakiona. Baada ya hapo atakaa kiti cha mbele, kile chenye mikono, pembeni ya mgeni rasmi.

Mkono wa Abdulrazak ukasimama kwenye kamba. Alisema kwamba daktari amekataza. Lakini alisema kwa sauti ya mtu anayetaka kubembelezwa, na Kazija aliisikia.

Mwalimu Alfonsi akasema uamuzi mzuri hufuata taarifa sahihi. Akaomba namba ya daktari, akapiga, akaweka sauti kubwa ili wote wasikie. Akajitambulisha kama mdau.

Daktari Nusaiba alifurahi. Ndugu wa wagonjwa humuuliza siku ya kuruhusiwa tu, hawaulizi dawa inafanyaje kazi. Akaacha alichokuwa anafanya, akaeleza.

"Inatoka kidogo kidogo, mchana na usiku," sauti yake ilisema kwenye simu. "Moja inawaua wavamizi. Nyingine inawaita wajenzi."

Mzee Maftaha akajisogeza mbele. "Wanatoka wapi, mwanangu, hao wanaoitwa?"

"Wengine wamo humohumo ndani, mzee. Wengine wanakuja na damu."

Mzee Maftaha akakiweka chini kikombe cha kahawa aliyokuwa anakunywa.

Mwalimu Alfonsi akauliza, kwa faida ya kumbukumbu, itakuwaje iwapo mgonjwa atakanyaga kesho, hatua chache, uwanjani. Daktari akauliza uwanja gani. Akaelezwa. Simu ikanyamaza mpaka Mwalimu akaitazama kuona kama salio limekwisha.

"Akiukanyagia," daktari akasema, na sauti sasa haikuwa na furaha, "punje zitasagika, vijidudu vitarudi, na safari hiyo huenda nikaukata. Na aliyemkanyagisha nitamjua."

"Utamjuaje?" Mzee Maftaha akauliza kwa adabu kubwa.

"Picha itaniambia."

Akakata simu, ana wagonjwa.

Kamati ikajitenga, ikasimama karibu na banda la kuku la Hamida kushauriana. Mzee Maftaha alikuwa anatikisa kichwa. Alisema amekutana na wataalamu wengi, kutoka Lindi mpaka ng'ambo ya Rufiji, lakini anayemwona mkosaji kwenye picha hajapata kumsikia. Mwalimu Alfonsi alisema hilo linathibitisha ubora wa huduma. Wakarudi na pendekezo jipya.

"Masharti yanakataza kukanyaga," Mwalimu akasema. "Hayakukataza kubebwa. Tutaleta toroli. Tutatandika godoro. Mguu hautagusa ardhi, utaonekana tu. Kivinje wakiuona, basi."

Kazija alimtazama mumewe. Aliijua njia ya kwenda uwanjani, ina mawe, na kwenye mikorosho mizizi imejitokeza. Alijua pia kwamba daktari alisema asitikiswe, na kwamba Abdulrazak alikuwepo alipoambiwa.

"Toroli la nani?" Abdulrazak akauliza.

"La yule anayechota mchanga. Tairi limejazwa upepo jana."

"Na godoro?"

"La kwangu mwenyewe," akasema Mzee Maftaha.

Abdulrazak akaigusa kofia yake. Uso wake ulikuwa umechangamka vile ulivyokuwa ukichangamka zamani, alipokuwa kileleni na watu wamekaa chini wakingoja aangushe. Kazija hakuwa amemwona hivyo kwa muda mrefu, na kwa sababu hiyo ilimwia vigumu kusema. Akamalizia chuma cha mwisho. Akavikusanya vile vitambaa vichafu akavifunga kwenye mfuko.

"Sawa," akasema. "Kesho Jumamosi atakaa kiti cha mbele. Jumapili atakaa wapi?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliwatazama wazee wale kama mtu anayetaka kujua.

Mwalimu Alfonsi akakohoa. "Hilo," akasema, "tutalijadili kwenye kikao kijacho."

Abdulrazak alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, kisha akautazama mguu wake, pale madaktari walipouchoma vyuma. Hamida alikuwa anawaita kuku wake, na kuku walikuwa wanaitika.

"Mzee," Abdulrazak akasema mwishowe, "ile minazi yako ya bondeni, anakwea nani sasa?"

"Yupo kijana mmoja wa Kilangala."

"Anasafisha vilele?"

Mzee Maftaha akasita. "Hasafishi. Anaangusha nazi anateremka. Makuti makavu yananing'inia, panya wamejaa."

"Nazi anaziacha zikauke, au anaangusha na mbichi?"

"Anachanganya."

Abdulrazak akashusha pumzi, kana kwamba hilo ndilo lililomuuma kuliko yote aliyoyasikia siku hiyo.

"Nitakuja kuisafisha mimi," akasema. "Mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Lakini si kesho, mzee. Na kesho siendi popote. Toroli mwachieni mwenyewe."

Mwalimu Alfonsi alifungua mdomo kuendelea, akaanza na neno maslahi, lakini Mzee Maftaha alimwekea mkono begani. Yeye alikuwa na minazi, na alijua hasara ya kilele kisichosafishwa. Tena hakuwa ameyasahau maneno ya simu. Alisema uamuzi huo ni wa busara, na kwamba kamati itatafuta utaratibu mwingine, inshallah. Waliagana vizuri. Hakuna aliyekasirika.

Walipofika kwenye kona ya nyumba, Mzee Maftaha akarudi peke yake. Alisimama mbele ya Kazija akiwa amepunguza sauti.

"Mama Amina, ile namba ya yule mama. Anafika huku Somanga, au mpaka mtu amfuate?"

"Ni daktari wa mifupa, mzee."

"Najua, najua. Si kwa kesho. Kesho imeshatupita." Akatazama kule Mwalimu alikokuwa anangoja. "Ni kwa mechi ya marudiano."

Kazija akamwambia namba anayo Mwalimu kwenye simu yake, amwombe. Mzee Maftaha akashukuru, akaondoka akiwa anaupitia mbali ule mguu.

Wakabaki wawili. Kazija akaenda kuvichoma vile vitambaa nyuma ya jiko, akanawa, akarudi na kukaa kwenye mkeka. Abdulrazak alikuwa ameivua kofia, ameiweka juu ya ukuta wa baraza. Alikuwa ameanza tena kushona, na kwa mara ya kwanza alimwuliza mkewe kile alichosema daktari hasa kuhusu zile punje, maana yeye alishika lile la mwisho tu.

Kazija alimweleza alivyokumbuka. Kwamba zinashika nafasi tu, mfupa wenyewe ataujenga yeye. Kwamba daktari hakuahidi. Kwamba picha ni Jumatano, na huenda ikaonyesha kitu, na huenda isionyeshe.

"Isipoonyesha?"

"Tutangoja nyingine."

Abdulrazak akakunja jani, akapitisha kamba, akavuta. Mwanga ulikuwa umepungua na vidole vyake vilianza kupapasa. Akashona majani mawili matatu, la mwisho likakaa upande. Akalifumua. Akalijaribu tena, likakaa upande tena.

"Liache," Kazija akasema. "Utaendelea kesho."

Abdulrazak akafunga kamba fundo la muda ili isifumuke, akamkabidhi lile kuti, nusu limeshonwa na nusu ni kijiti kitupu. Kazija akaliegemeza ukutani, kisha akainama kumshika kwapani, ili anyanyuke kwa mguu mmoja.